Kura tatu ya 1958: ilipigwaje, na imetuachia nini?

Mwl_Isevya
Wakuu, heshima kwenu. Naandaa kipindi cha klabu ya historia, kidato cha tatu, hapa Tabora, kuhusu Uamuzi wa Busara wa Januari 1958, pale mkutano wa TANU hapa Tabora ulipokubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu badala ya kuususia. Najua wanafunzi watabana: hiyo kura tatu ilipigwaje hasa, kwa nini wengi waliichukia, na usawa wa rangi uliopiganiwa tunauona wapi leo? Wenye undani nisaidieni.

Unyanyembe58
Mwalimu, anza na hesabu, dhuluma iko humo. Majimbo 10, kila jimbo viti 3: cha Mwafrika, cha Mwasia, cha Mzungu. Yaani kumi, kumi, kumi, wakati Waafrika walikuwa zaidi ya asilimia 98 ya watu wote. Mpiga kura awe na miaka 21, kisha awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa unaotambuliwa. Akifika kituoni lazima achague watatu, mmoja wa kila rangi. Hakuruhusiwa kumpigia Mwafrika peke yake.

Waliotaka kususia hawakuwa wajinga. Kushiriki kulionekana kama kuubariki ubaguzi. Hoja ya Nyerere pale Tabora ilikuwa kwamba ukisusia, UTP, chama kilichopendwa na gavana Twining, kinachukua viti vyote na kupanga katiba ijayo. Ukiingia, sharti lile lile linawageukia waliolitunga, maana Mzungu na Mwasia nao hawapiti bila kura za Waafrika. TANU wakati huo haikupokea wanachama wasio Waafrika, hivyo ikawaunga mkono watu wa nje ya chama: Mzungu Derek Bryceson, na Waasia Amir Jamal na Sophia Mustafa. Kura zikapigwa Septemba 1958 na Februari 1959, UTP ikashindwa vibaya na haikuinuka tena.

Nakuomba usimfundishe Zuberi Mtemvu kama msaliti. Alitoka TANU baada ya mkutano ule akaanzisha chama chake, ANC (African National Congress), kilichotaka nchi iwe ya Waafrika. Swali lake, nchi hii ni ya nani, lilirudi mara nyingi.

Mwanga_Kgm
Lilirudi Oktoba 1961, kwenye muswada wa uraia. Wapo wabunge waliotaka uraia ufuate rangi. Nyerere akasema likipita hilo, serikali inajiuzulu. Halikupita. Kwangu mimi huu ndio urithi mkubwa kuliko wote.

Likarudi tena Januari 1964. Serikali ilitangaza kuacha kuwapendelea Waafrika katika ajira za umma, na wiki chache hazikupita askari wakaasi Dar es Salaam, kesho yake Tabora. Walidai mishahara, na maofisa Waingereza waondoke. Sheria ilishasema wote sawa, lakini amri kambini bado ilitoka kwa Mwingereza.

Mfano wa karibu na wanafunzi wako ni Ulyankulu, makazi ya wakimbizi mkoani Tabora. Wakimbizi wa Burundi wa 1972 na watoto wao, zaidi ya 160,000 ukijumlisha na makazi ya Katumba na Mishamo, walikubaliwa uraia wa tajnisi (wa kuomba), ila vyeti vikakwama hadi 2014. Mpango ulitaka kwanza wahamishwe kwenda mikoa mingine. Miaka yote hiyo mtu ameukana uraia wa zamani na wa sasa hana karatasi yake.

Msaidizi_Sheria
Kwa upande wa leo, wasome ibara ya 13(5) ya Katiba, inayotaja rangi na kabila waziwazi. Kazini ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7. Aliyebaguliwa anajaza fomu CMA F1 na kuipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: siku 30 kama ameachishwa kazi, siku 60 kwa malalamiko mengine. Mashauri mengi hufia hapo kwenye muda. Jingine linaloangusha watu ni kusema tu "nimebaguliwa" bila kumtaja mwenzake wa kazi ile ile, sifa zile zile, anayetendewa vizuri zaidi. Akionyesha hilo, mzigo wa kujieleza unahamia kwa mwajiri.

Unyanyembe58
Mwalimu, kwa darasani tengeneza karatasi yenye safu tatu, majina mawili kila safu. Gawa kadi za elimu na kipato, asiye na sifa asimame pembeni asipige. Raundi ya kwanza nusu ya darasa isusie, ya pili wote waingie kwa makubaliano. Hesabuni matokeo ubaoni, halafu waache wabishane.