Mikono ya mkunga itangulie, mashine ifuate

Hoja iliyo mbele yetu ni kwamba vyuo vya ukunga vipunguze saa za kufundisha upimaji wa tumbo kwa mikono na usikilizaji wa moyo wa mtoto kwa fetoskopu, kifaa cha kusikilizia kinachowekwa juu ya tumbo la mama, kwa kuwa mashine za altrasaundi, nyingine za kushika kiganjani, zimeanza kufika hadi vituo vya afya vya vijijini. Naipinga hoja hii, ingawa siipingi mashine. Altrasaundi huonesha kondo la nyuma lililojishikiza karibu na mlango wa kizazi, jambo ambalo mikono haiwezi kulibaini, na mama akijulikana mapema huandaliwa kujifungulia penye chumba cha upasuaji.

Tatizo ni wakati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unapendekeza kipimo kimoja cha altrasaundi kabla ya wiki ya 24, na katika umri huo mtoto bado anageuka atakavyo. Mlalo wake, yaani jinsi alivyolala tumboni, huwa na umuhimu kuanzia wiki ya 36, na zaidi siku uchungu unapoanza. Siku hiyo, picha ya miezi mitatu iliyopita haimwambii mkunga kama mtoto ametanguliza kichwa au makalio.

Nilifundishwa na mkunga mzee aliyekuwa akisugua viganja mpaka vipate joto kabla ya kumgusa mama, kwa sababu tumbo likiguswa na mkono wa baridi hujikaza na kuficha kilichomo. Juu ya mfupa wa kinena alinionesha kichwa: kigumu, cha mviringo, kinachochezacheza kati ya vidole ikiwa bado hakijashuka kwenye nyonga. Makalio ni laini, na ukiyasukuma, mwili mzima huyafuata. Alipoweka sikio kwenye fetoskopu, vidole vyake vilikuwa kwenye kifundo cha mkono wa mama, asije akahesabu mapigo ya mama akadhani ni ya mtoto. Mashine ya kupima mapigo ya mtoto nayo huweza kudaka ya mama, na asiyezoea kushika kifundo hatashtuka.

Aliyesema hapa kwamba mikono hukosea amesema kweli, na mwanafunzi hukosea zaidi. Ndiyo maana nataka mwanafunzi apapase kwanza, aandike kimo cha mimba, mlalo na kitangulizi (sehemu ya mtoto iliyotangulia), kisha mashine iwashwe mbele yake imsahihishe papo hapo. Sisi tulisubiri mara nyingi hadi mama ajifungue ndipo tujue tulikosea wapi. Wa leo anaweza kujua angali amesimama kando ya kitanda, vidole vyake vikikumbuka bado vilichogusa. Tukianza na mashine, jibu limeshatolewa na vidole havina cha kutafuta.

Saa hizo zibaki, basi, na katika mtihani wa vitendo mwanafunzi apime angalau mjamzito mmoja kwa mikono na fetoskopu peke yake, kabla hajakabidhiwa zamu ya usiku kwenye zahanati.