Dakika 15 za kuwasilisha utafiti kwa Kiingereza: nianzie wapi?

Mwanagenzi_Moro
Wakuu, heshima kwenu. Baada ya wiki tatu nawasilisha utafiti wangu wa uzamili: dakika 15 za kuzungumza, 10 za maswali, Kiingereza mwanzo mwisho. Mada ni mifuko isiyopitisha hewa na sumukuvu (aflatoxin, sumu ya ukungu) kwenye mahindi. Kusoma na kuandika sina shida, shida ni kusimama na kukisema. Nimeshaandika hotuba yote, kurasa 9, na nimeanza kuikariri. Niko sawa? Na lafudhi nifanyeje? Mtahini mmoja si wa huku kwetu.

Fundi_Slaidi
Mkuu, acha kukariri leo hii. Kwanza hesabu haikubali. Mtu anayezungumza lugha ya pili akasikika vizuri huenda maneno 110 hadi 120 kwa dakika. Toa dakika mbili za kubadilisha slaidi, kumeza mate na projekta kugoma. Zinabaki 13, yaani maneno kama 1,500. Kurasa zako 9, hata ukiacha nafasi mbili kati ya mistari, zinapita 2,200. Utaanza kukimbia dakika ya nane, na ukikimbia matamshi ndiyo ya kwanza kuharibika.

Pili, hotuba ya kukariri ni mnyororo. Kila neno limeshikwa na lililotangulia, likidondoka moja hujui uingilie wapi, tena kwa lugha ambayo huna maneno mengi ya akiba. Kariri vipande vitatu tu: sentensi mbili za kufungua, sentensi moja ya kuvukia kila sehemu, na mbili za kufunga. Kwingine andika maneno manne au matano kwa kila slaidi kwenye kadi, uyaunganishe papo hapo kwa sentensi fupi.

Kufungua: usianze na "all protocols observed" na msururu wa salamu, huo ni mkutano wa hadhara. Jina lako liko kwenye slaidi. Ingia moja kwa moja: "What happens to aflatoxin in maize after six months in a hermetic bag?" Nyamaza sekunde mbili, kisha endelea. Swali hilo ulitamke mara hamsini hadi litoke bila kufikiri, kwa sababu hofu hukaa kwenye dakika ya kwanza.

Slaidi 10 hadi 12 zinatosha. Kosa la wengi ni kumaliza dakika saba kwenye usuli wa tatizo, kisha matokeo yanapitishwa mbio mbio. Geuza: matokeo yapate dakika sita, mbinu tatu. Na kichwa cha slaidi kiwe sentensi nzima. Badala ya "Results", andika jambo lenyewe ulilolikuta, mathalani "Grain in hermetic bags stayed dry". Mtu asiposhika ulichotamka, anakisoma. Herufi zisipungue ukubwa wa 28.

Silabi_Tano
Niingie kwenye lafudhi. Usijaribu kuongea kama Mwingereza, utachoka bure na hakuna anayekudai hivyo. Kinachomchanganya msikilizaji mgeni ni mkazo. Sisi karibu kila neno tunalikazia silabi ya pili kutoka mwisho, na tunaihamishia tabia hiyo kwenye Kiingereza. Tunasema hypo-THE-sis, wenyewe wanasema hy-POTH-e-sis. Tunasema ana-LY-sis, wao a-NAL-y-sis. Na mkazo unahama ukiongeza kiambishi: a-NAL-y-sis, lakini an-a-LYT-i-cal. Chukua maneno 20 yanayojirudia sana kwenye kazi yako, yatafute kwenye kamusi yenye sauti, piga mstari chini ya silabi yenye mkazo, na uyasome kila asubuhi. Ishirini tu, si lugha nzima.

Irabu zetu ni tano, kwa hiyo "live" na "leave" zinatoka sawa. Hizo ziache, muktadha utakuokoa. Namba ndizo hazina muktadha. Kiwango cha unyevu wa mahindi kwa viwango vya Afrika Mashariki hakizidi 13.5%. Ukilitamka "thirteen" kwa kukazia mwanzo na kumeza mwisho, mtu anasikia "thirty", na mahindi yenye unyevu wa 30% hayahifadhiki, yanaoza. Vuta "-TEEN" na uifunge kwa n ya wazi. "THIR-ty" ikate fupi. Kisha hakikisha namba hiyo iko kwenye slaidi na unaionyesha kwa kidole. Desimali zisome tarakimu moja moja: 0.25 ni "zero point two five", si "point twenty-five".

Saa pia. Kama ulipima joto la ghala saa nane mchana, kichwani namba ni nane lakini mdomoni inatakiwa "two p.m." Andika saa zote kwenye kadi kwa mtindo wa Kiingereza, usibadilishe ukiwa jukwaani.

Kujipima: fungua simu, washa kuandika kwa sauti kwa Kiingereza, isomee slaidi tatu. Mashine haijazoea sauti zetu, hivyo usiiamini kwa kila kitu, ila neno likikosewa mara tatu mfululizo, hilo lifanyie kazi.

Mwanagenzi_Moro
Asanteni sana, kurasa nimeziweka pembeni. Kinachonitisha sasa ni zile dakika 10. Nisipoelewa swali je? Na neno likinipotea?

BintiPwani
Maswali yanaogopesha lakini mengi unaweza kuyajua mapema. Mwombe msimamizi na wenzako wawili wakuandikie matano matano. Yanayohitaji jedwali au grafu, tengeneza slaidi za akiba uziweke baada ya slaidi ya mwisho.

Swali likiulizwa, lirudie kwa maneno yako: "So you are asking whether the bags were opened during storage?" Kama umekosea, muulizaji atakusahihisha kabla hujajibu kitu kingine, na wewe umepata sekunde kumi za kufikiri. Ukipotea kabisa usiseme "repeat" peke yake, maana atarudia vilevile kwa kasi ileile. Taja ulipoishia: "I understood the part about temperature. Could you say the second part again?"

Halafu kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Ukiulizwa "Didn't you measure humidity?" na hukupima, Kiswahili kinakusukuma useme "Yes", kwa maana ya "ndiyo, sikupima". Yeye anasikia kwamba ulipima. Usijibu kwa "yes" wala "no", jibu kwa sentensi: "We did not measure humidity", kisha utoe sababu.

Neno likipotea, lieleze kwa kazi yake. Umesahau "moisture meter"? Sema "the instrument we used to check how wet the grain was", songa mbele. Usisimame kulitafuta ukiguna "eeh". Na angalia "he" na "she": sisi tuna "yeye" tu, kwa hiyo mkulima wa kike huwa "he" bila kujua. Sema "the farmers", "they", umepona.

Fundi_Slaidi
Naongezea mazoezi. Mara tano, umesimama, saa inahesabu, sauti ya ukumbini na si ya chumbani. Mara ya tatu ufanye mbele ya mtu asiyejua kilimo, akuandikie namba zote alizozisikia. Linganisha na slaidi. Ukifika dakika 14, punguza slaidi moja ya usuli, usiongeze mwendo. Siku yenyewe beba faili la PDF kwenye flashi mbili, maana kompyuta ya ukumbini inaweza kuvuruga herufi na grafu zako.

Mwanagenzi_Moro
Slaidi ya usuli nimeshaipata ya kutoa. Ile ya historia ya mahindi Afrika.