Mfadhili anataka kujenga vyumba, sisi tunakwama kwenye posho za walezi

Mama Kituo, Ngarenaro
Habari zenu wanajukwaa. Kikundi chetu cha akina mama kinaendesha kituo cha kulelea watoto wadogo mchana katika kata ya Ngarenaro, jijini Arusha, ambako wazazi wengi ni wachuuzi na vibarua wanaotoka nyumbani alfajiri. Watoto wetu wana miaka mitatu na minne. Ada inatosha uji na pango, lakini posho za walezi hulipwa kwa kusuasua, na mlezi akishapata ujuzi huhamia shule binafsi. Sasa taasisi moja ya hisani kutoka ng'ambo iko tayari kutujengea vyumba viwili, kwa sharti kwamba fedha yake isiguse mishahara. Je, tukubali hivyo hivyo, au tujadiliane nayo? Hatupendi kuonekana wachaguzi mbele ya mtu aliyekuja na neema.

Mhasibu, Moshi
Dada, nianze na jambo ambalo mfadhili mwenyewe alipaswa kuuliza kabla ya kuchora ramani: mnalipa pango, sasa vyumba hivyo vitasimama kwenye kiwanja cha nani? Ikiwa ni cha mwenye nyumba na hakuna mkataba wa maandishi wa muda mrefu, mtakuwa mmemjengea yeye. Kuhusu posho, ombeni ruzuku ya miaka mitatu inayopungua kila mwaka, na andiko lenu lionyeshe pengo litazibwaje.

Mwalimu wa Awali
Taasisi hizi hupenda kutaja utafiti wa Perry, uliopima faida za elimu ya awali na kufanyika Ypsilanti, Michigan, Marekani, kuanzia mwaka 1962, ambao ulihusisha watoto 123 wa familia maskini, 58 kati yao wakipata masomo ya awali na wengine wakiwa kundi la kulinganisha. Kilichogharamiwa pale kilikuwa hasa walimu waliosomea kazi yao, waliofundisha watoto wachache kwa wakati mmoja na kuzitembelea familia nyumbani kila wiki. Mfadhili anayeusifu utafiti huo huku akikataa kumlipa mlezi anataka matunda bila kumwagilia mti. Mwandikieni hivyo, ingawa kwa lugha ya upole kuliko yangu.

Mkazi wa Sombetini
Naomba nitofautiane nanyi. Tangu Januari 2016 darasa la awali katika shule za serikali halina ada, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ililifanya kuwa la lazima. Kwa nini hisani isiende huko, kwenye madarasa yanayojaa pomoni, badala ya kutegemeza vituo vitakavyofungwa siku mfadhili akiondoka? Na hiyo ruzuku inayopungua, pengo lake litazibwa na nani kama si mama muuza mboga?

Mama Kituo, Ngarenaro
Ndugu yangu, la mama muuza mboga ni kweli, na ndilo linalonitia hofu katika ushauri wa Mhasibu. Lakini darasa la awali ni la mtoto wa miaka mitano. Wa miaka mitatu akikosa kituo hubaki na dada yake, ambaye naye hukosa shule. Kiwanja ni cha mwenye nyumba, na hatujazungumza naye.

Mhasibu, Moshi
Basi jengo lisubiri. Jaribuni pendekezo lingine: mpango wa Madrasa wa Taasisi ya Aga Khan, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 na kufika Zanzibar na Uganda, ulizisaidia shule za awali za jamii kuanzisha mfuko wa kudumu, ambao wanajamii walichangia na mfadhili akaongeza, kisha fedha zikawekezwa ili faida yake isaidie kulipa walimu. Faida hiyo haitatosha posho yote, ila itapunguza mzigo bila kupandisha ada, na mfadhili anayeogopa gharama isiyo na mwisho atakuwa ametoa mara moja tu. Ambatanisheni cheti cha usajili wa kituo chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kama hamna, mwoneni Afisa Ustawi wa Jamii kwanza, kabla ya kumjibu mfadhili.