Naomba ushauri: wito wa mahakama kwa deni, siku 21 zinahesabiwaje?

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu anauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza. Ameletewa wito wa Mahakama ya Wilaya pamoja na hati ya madai: anadaiwa milioni 12, ilhali karibu nusu alisharejesha kwa simu na hati haiyataji kabisa malipo hayo.

Wito unamtaka awasilishe utetezi wa maandishi ndani ya siku 21 tangu aupokee. Si ule wa kuomba kwanza kibali cha kujitetea, tumehakikisha. Ila chini, kwa kalamu, kuna tarehe ya kesi kutajwa mbele ya hakimu ambayo iko baada ya siku hizo kwisha. Wenzake wanamwambia asubiri tu akajieleze kwa hakimu. Naogopa sana hilo: asipojibu kwa maandishi, mdai anaweza kuomba hukumu ya upande mmoja, kisha dalali wa mahakama aje kukamata mali.

Taarifa za miamala na mkataba tumeshachapisha.

Naomba kujua: siku zinaanza siku aliyosaini wito au kesho yake? Na hayo malipo, inatosha kuyaeleza kwenye utetezi na kuambatanisha miamala, au lazima alete madai kinzani (yaani naye amdai mdai ndani ya kesi hiyohiyo)?