Kosmos 954: nianze na rada au na fidia?

Habari zenu wakuu. Naandaa mada ya darasani kuhusu Kosmos 954, satelaiti ya kijeshi ya Umoja wa Kisovieti iliyotumia rada kusaka meli za kivita baharini. Rada ile ilikula umeme mwingi na ilibidi ipite chini, ambako paneli kubwa za jua zingekokotwa na hewa, hivyo wakaipa kinu cha nyuklia. Januari 1978 ikaanguka kaskazini mwa Kanada na kumwaga mabaki yenye mionzi. Kanada ilidai dola zake milioni 6 hivi, ikaja kulipwa 3 mwaka 1981. Nusu tu, jamani!

Nina dakika chache na wenzangu ni watu wa sheria, fizikia waliiacha sekondari. Nianze na rada, au niingie moja kwa moja kwenye Mkataba wa Dhima wa 1972, ule unaoibana nchi ilipe hasara inayosababishwa na vyombo vyake vya angani? Mliowahi kufundisha, nisaidieni.