Tupeane uzoefu: ni wapi macho yako yalikuonyesha rangi isiyokuwepo?

Mleta mada, Mbeya mjini
Wadau wa Nyanda za Juu Kusini, habari za jioni. Naomba tukusanye hapa visa vya macho na rangi tulivyoviona wenyewe. Kilichonisukuma ni picha ya ubao wa drafti aliyoichora Edward Adelson wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 1995. Mraba A unaonekana umekolea weusi. Mraba B, ulio kwenye kivuli cha silinda, unaonekana mweupe. Kumbe yote ni kijivu kile kile! Nimeichapisha, nikaikata miraba hiyo kwa mkasi na kuiweka pamoja, tofauti ikapotea. Ubongo unajua kwamba kivuli hufifiza, basi unafidia kabla hujauliza. Leteni vyenu.

Fundi cherehani, Mwanjelwa
Kwetu hili ni la kila siku. Mteja analeta kitambaa alichouziwa dukani kama cheusi, na chini ya taa za pale kweli kilikuwa cheusi. Kikifika juani ni bluu ya giza, ugomvi unaanza. Muuzaji hajadanganya. Kila taa ina mchanganyiko wake wa mwanga, na kitambaa hurudisha kile tu kilichomulikwa nacho. Ndiyo maana vitambaa viwili hufanana ndani vikaachana nje.
Uzi siuchagulii ndani kamwe. Natoka nao barazani, upande usiopigwa na jua kali, nafungua unyuzi mmoja na kuulaza juu ya kitambaa. Ukiwa bado umezungushwa huonekana umekolea, ukishonwa unapauka. Vijana mnaojifunza kazi, hili lishikeni.

Mnunuzi wa vitunguu, Ruaha Mbuyuni
Neti nyekundu. Nyuzi zake nyembamba huchanganyika machoni na ngozi ya kitunguu, kikaonekana chekundu kuliko kilivyo. Fungua neti, kiweke kwenye karatasi nyeupe.

Mama wa bustani, Tukuyu
Ndaga, mleta mada. Mimi naamka kabla ya jua. Waridi jekundu langu saa hizo ni jeusi kabisa, majani yake ndiyo yanayong'aa. Jua likitoka mambo yanageuka. Nani anajua sababu?

Mwalimu wa fizikia, Njombe
Mama, swali lako aliliona Purkyně, mwanasayansi wa Bohemia, akaliandika mwaka 1825. Mwanga ukiwa mdogo tunaonea seli za jicho ziitwazo vijiti, na hizo karibu hazihisi wekundu kabisa. Nguvu yake iko kwenye kijani chenye ubluu. Kukipambazuka, seli nyingine za jicho, ziitwazo koni, hushika kazi na wekundu unarudi.

Fundi rangi, Iringa
Kamwene. Nilipaka ukuta kijivu, pembeni ya matofali mekundu. Mwenye nyumba akaja juu: "Nani kakuambia nataka kijani?" Nilichukua karatasi mbili nyeupe, kila moja nikaitoboa tundu, moja nikaiweka juu ya ukuta, nyingine juu ya kopo la rangi iliyobaki. Akachungulia, kijivu kwa kijivu, akalipa.
Baadaye nikasoma kwamba mkemia Chevreul alikutana na hili Ufaransa, kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins. Watu walilalamikia rangi nyeusi ya nyuzi, yeye akagundua rangi yenyewe ni nzima, ila majirani zake ndio wanaoibadilisha. Kitabu chake kilitoka 1839. Nawasihi mafundi wenzangu: kipande cha majaribio kipakeni palepale kitakapokaa, karibu na matofali yaleyale. Kadi ya dukani haitoshi.

Mleta mada
Fundi, hizo karatasi lazima ziwe nyeupe?

Fundi rangi, Iringa
Nyeupe au kijivu, mradi zifanane na zipate mwanga mmoja. Moja ikiwa kivulini na nyingine juani, umerudi kwenye ubao wako wa drafti.