Kinu, mbuzi ya nazi na sinia kuwa ala za muziki kwa vihisi: tumekwama pahala patatu

Bi Maalim (Wete, Pemba)

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Ninasomesha skuli hapa Wete, na kila Jumamosi ninakaa na wanafunzi wanane tunaojaribu kuvigeuza vyombo vya nyumbani kuwa ala za muziki zinazomjibu anayezitumia. Tunataka kinu kikitwangwa, mbuzi ikikuniwa nazi na sinia ikiguswa, kila kimoja kitoe kwenye spika sauti inayoufuata mkono, yaani ukitwanga kwa nguvu nguvu isikike, na ukikuna polepole upole usikike. Jambo hili lina uzito kwangu kwa sababu nilipokuwa mdogo, nikiwa bado kitandani, niliweza kujua kwa mkuno tu kama anayekuna nazi uani ni bibi au ni shangazi, na sipendi watoto hawa wakue wakidhani kwamba muziki hutoka kwenye simu peke yake.

Tunayo bodi moja ya Arduino Uno (kompyuta ndogo ya kusomea vihisi), vibati vitano vya piezo (vihisi vya mtikisiko) vya upana wa milimita 27, utepe wa shaba, na kompyuta yenye programu ya kutengenezea sauti ya Pure Data. Tulipokwama ni hapa. Kwanza, kibati tulichokibandika ubavuni mwa kinu hutoa sauti tatu au nne kwa pigo moja la mchi. Pili, kilichopo kwenye mbuzi kinamwaga sauti mfululizo kama mvua ya masika juu ya bati, bila ya kuonesha tofauti kati ya mkuno mrefu na mfupi. Tatu, tulibandika vipande sita vya utepe wa shaba juu ya sinia ili kila kipande kiwe noti yake, lakini ukigusa kimoja vinalia vyote, na tukichomoa chaja ya kompyuta ama havilii kabisa ama vinalia peke yao.

Pia nina swali dogo. Wanafunzi wanataka kupiga maqamu (mpangilio wa noti) ya Rast kama wanavyoisikia kwenye taarab, na noti ya tatu tuliyoweka kwenye kompyuta inasikika ya kigeni. Je, lina dawa?

Fundi wa Darajani (Unguja)

Wa alaykum salaam, Bi Maalim. Nianze na kinu, kwa kuwa ndicho kitakachowafundisha vijana mengi zaidi. Kibati cha piezo hutoa umeme kila kinapotikisika, na kinu cha mbao hakitikisiki mara moja kikanyamaza, bali huendelea kutetemeka kwa makumi ya milisekunde. Arduino Uno inaweza kuisoma pini yake ya analogi (mguu wa kupimia umeme unaoingia) karibu mara 10,000 kwa sekunde, kwa hiyo inauona mtetemo ule ule ukipanda na kushuka na kila mara inadhani kwamba ni pigo jipya.

Kabla ya kugusa programu, ungeni rezista (kizuizi cha umeme) ya megaomu 1 sambamba na kibati, kati ya waya wake wa chanya na ethi (pini ya GND ya bodi), ili umeme uliobakia upate njia ya kutoka. Pahala hapo hapo wekeni dayodi ya zena (kipande kinachozuia umeme usipande kupita kiasi) ya volti 5.1, kwa sababu pigo kali la mchi linaweza kuzalisha makumi ya volti, ilhali pini ya bodi hiyo haitakiwi kupewa zaidi ya 5. Ndani ya programu, wekeni kizingiti, yaani kiwango ambacho mtikisiko ukikivuka ndipo huhesabiwa kuwa pigo, tuseme 80 kati ya 1023, ambayo ndiyo namba kubwa kabisa bodi inayoweza kusoma. Usomaji ukikivuka kizingiti hicho msitoe sauti papo hapo. Subirini milisekunde 3 huku mkiokota thamani iliyo kubwa kuliko zote, kwani hiyo ndiyo itakayokwambieni nguvu ya pigo. Kisha pini ile ipuuzwe kwa milisekunde 60. Msiogope kupoteza mapigo: wanawake wawili wakitwanga kwa kupokezana, hata wakienda mbio, hawazidi mapigo manne kwa sekunde, kwa hiyo baina ya pigo na pigo kuna milisekunde 250 au zaidi.

Ama sinia, hiyo ni bati moja. Utepe wa shaba uliobandikwa juu yake unaungana nayo, na kwa umeme vipande vyote sita ni kitu kimoja. Badala yake, pangeni vijiko vya chuma juu ya jamvi kavu, kila kijiko na waya wake. Habari ya chaja nayo ina sababu yake: kihisi cha mguso hupima mabadiliko madogo sana baina ya mwili wa mtu na ethi, na kompyuta ikiwa inakula betri peke yake, ethi hiyo inaelea, yaani haina kiungo na ardhi. Tandikeni karatasi ya alumini chini ya mchezaji, muiunge na ethi ya Arduino, naye aikalie au aiguse kwa mguu. Pia iambieni programu ijipime upya kila inapowashwa, kwa sababu hewa ya asubuhi na ya jioni hazilingani, hasa kwetu sisi tulio karibu na bahari.

Mpiga Sanduku (Ng'ambo, Unguja)

Bi Maalim, hongera kwa kazi hiyo, na uwafikishie salamu vijana. Mimi ninapiga sanduku katika kidumbak (muziki wa ngoma wa Zanzibar ulio ndugu wa taarab), na nadhani wangepaswa kuambiwa kwamba wanaloliendeleza lina wenyewe hapa hapa visiwani. Besi ya kidumbak ni sanduku la chai lililotiwa fimbo na kamba, na mpigaji hupandisha na kushusha sauti kwa kuivuta fimbo. Cherewa ni vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu ndani. Wazee wetu hawakungoja ala ziletwe na jahazi.

Ninalotaka kulisema kwa mkazo ni hili: msiitie mbuzi sauti ya ngoma. Mbuzi haipigwi, inakuniwa, na kazi yake yote imo katika mwendo wa mkono kutoka mwanzo wa kifuu hadi mwisho wake. Nyinyi mnaihesabia mapigo wakati haina mapigo, ndiyo maana inakumwagieni mvua. Achaneni na kizingiti pale. Mwambie kijana anayeandika programu achukue wastani wa mtikisiko katika kila milisekunde 50, na wastani huo uwe ndio unaofungua na kufunga sauti moja ndefu, kama upinde wa fidla. Mkuno mrefu utatoa sauti ndefu, mkuno wa hasira utakwaruza, na mkono ukitua sauti itatua. Hapo ndipo utakapowatambua tena bibi na shangazi.

Na kinu nacho kina sauti yake nzito ambayo spika haiwezi kuishinda. Mimi ningeiacha isikike yenyewe, na kihisi kiongeze kile ambacho mbao haina, kwa mfano mwangwi unaorefuka kadiri pigo linavyokuwa kali.

Binti Kanuni (Mji Mkongwe)

Kuhusu Rast, Bi Maalim, dawa ipo na ni nyepesi kwa sababu unatumia Pure Data. Rast ikianzia noti ya do, noti zake za mi na si zimekaa katikati, takriban robo toni chini ya zile za kinanda. Katika namba za MIDI (mfumo wa kompyuta wa kuzipa noti namba), mi ni 64 na mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa nusu toni, ni 63. Wewe andika 63.5 kabla ya kuigeuza kuwa hezi (mitetemo kwa sekunde), nawe utapata karibu hezi 320. Kwa noti ya si, andika 70.5. Namba hizi ni mwanzo tu. Kwenye kanuni, ala ya nyuzi ya taarab, sisi tunaisogeza noti hiyo kwa sikio, wakati mwingine juu kidogo na wakati mwingine chini, basi waacheni wanafunzi nao wajaribu 63.4 na 63.6 mpaka masikio yao yakubali.

Bi Maalim (Wete, Pemba)

Ahsanteni sana, nyote. Tumefanya kazi Jumamosi mbili. Kinu kimetulia kwa milisekunde 60 alizozisema Fundi, na tumekiacha na sauti yake kama alivyoshauri Mpiga Sanduku. Vijiko vinane viko juu ya jamvi, na mi imesimama kwenye 63.4 baada ya mabishano makubwa.

Mbuzi ndiyo iliyonitoa machozi. Nilimwomba mama yangu aje akune, na baada yake akakuna mwanafunzi mmoja, na tulipofumba macho sote tulijua ni nani na ni nani. Tatizo lililobakia ni kwamba kibati tulikibandika karibu na meno ya mbuzi, na baada ya nazi tatu mafuta yakaingia chini ya utepe, kibati kikabanduka na sauti ikafifia. Jumamosi ijayo tutakihamishia chini ya ubao wa kukalia, kwa gundi ngumu, tuone kama mkuno utafika huko bila ya kuchanganyika na uzito wa mtu anayejisogeza. Aliyekwisha kujaribu kukibandika pahala hapo ninamwomba anieleze.